Umemkuta kinda wa ndege chini? Uliza kwanza kilichomshusha

Mvua za Machi hadi Mei zikishakolea hapa Kisumu, mlango wangu hauishi kugongwa. Ni watoto wa mtaa. Mmoja hutangulia, viganja vimefumbatana kifuani, wenzake wakisukumana nyuma yake. "Mwalimu, tumemwokoa!" Akifunua viganja, mna kinda wa kwera, yule ndege wa manjano ambaye kwa Kijaluo huitwa osogo. Mkia haujafika hata urefu wa pingili moja ya kidole, kingo za mdomo bado ni laini na za njano, macho meusi yananikodolea. Swali linalofuata huwa lile lile: "Tumpe nini ale?" Nami huwarudishia la kwangu: mmemtoa wapi, na mlipomkuta alikuwa akifanya nini?

Chakula kinaweza kungoja nusu saa. Sababu haingoji, kwa kuwa dawa ya kinda aliyeangushwa na upepo humdhuru aliyeruka mwenyewe, na aliyelowa mvua hatunzwi kama aliyeng'atwa na paka. Wengi wanaoletwa kwangu hawakuwa na shida yoyote. Shida yao ilianza walipookotwa.

Nayasema haya nikiwa na deni. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani Nakuru, nilimwokota kinda wa tetere chini ya mjakaranda nikamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Usiku nilimlaza karibu na mto wangu. Kulipokucha alikuwa amekufa, maziwa yamegandia kwenye matundu ya pua. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba nilimzamisha.

Ndege hupumua kupitia tundu lililo wazi nyuma tu ya ulimi, sakafuni mwa mdomo. Ukimmiminia maji, uji au maziwa, kinaingia humo na kushuka mapafuni. Hata maziwa yakipita salama, tumbo la ndege haliwezi kuisaga sukari iliyomo. Kwa hiyo kabla hujasoma mstari mwingine: usimnyweshe kitu. Hata akiwa amepanua mdomo kama anayeomba. Kinda wa ndege hupata maji yake ndani ya wadudu anaolishwa, na kule kupanua mdomo ni njaa.

Simama mbali kwanza

Kama hakuna damu, hakuna paka karibu, na kinda hayuko katikati ya njia ya boda boda, rudi nyuma hatua ishirini au ingia ndani utazame kupitia dirishani. Fungia mbwa. Waombe watoto watulie. Mzazi hatashuka na panzi mdomoni huku umesimama pale, na kadiri unavyosubiri karibu ndivyo unavyozidi kuamini kwamba ametupwa.

Muda wa kungoja hutegemea ndege. Kwera, shomoro na shore hurudi kila baada ya dakika chache mchana kutwa, kwa hiyo ukikaa saa moja au mbili kimya na hakuna aliyekuja, una sababu ya kuanza kuhangaika. Tetere na hua ni tofauti. Wao huwalisha makinda mara chache tu kwa siku, na katikati kinda hukaa peke yake akiwa ametulia tuli, hana hata mlio. Ukipima tetere kwa saa ya kwera utamwiba mtoto wa watu aliyekuwa akisubiri mama yake arudi.

Kuna imani iliyoenea kila kijiji, kwamba ukimshika kinda mama yake atanusa mkono wako na kumkataa. Si kweli. Ndege wengi hawana pua kali ya namna hiyo. Humjua mtoto wao kwa macho na kwa sauti, na mahali alipo. Unaweza kumshika, ukamrudisha, na wazazi wakaendelea naye. Ninaisisitiza kwa sababu nimeona watu wazima wakimbeba kinda hadi nyumbani kwa kuwa "tayari nimeshamgusa, sasa ni wangu." Siyo wako.

Ana manyoya mwilini, mkia mfupi, anarukaruka

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi kuliko nyingine zote, na jibu lake ndilo gumu kwa watu kulikubali: hajaanguka. Ametoka kiotani kwa wakati wake.

Kinda wa kwera hukaa kiotani kati ya siku 17 na 21. Akitoka bado hajui kuruka vizuri. Hushinda vichakani na kwenye nyasi siku kadhaa, akiruka hatua mbili na kuanguka ya tatu, huku wazazi wakimfuata na kumlisha alipo. Ni kama mtoto anayejifunza kutembea. Kumwona ameketi chini hakumfanyi yatima.

Mjaribu hivi. Weka kidole chako chini ya nyayo zake. Akikikamata kwa nguvu na kusimama juu yake, huyo ni wa nje, hata ukimrudisha kiotani ataruka tena mara tu utakapogeuka. Asipoweza kushika, miguu ikalegea, bado ni wa kiotani, na maelezo yake yanafuata hapa chini.

Kwa wa nje kazi yako ni ndogo: msogeze penye kijani kizito, kwenye ua au tawi la chini, mita chache tu kutoka ulipomkuta ili mlio wake uendelee kusikika. Halafu ondoka. Mwezi wa Aprili mwaka jana watoto waliniletea mmoja wa hawa, wamembeba tangu upande wa pili wa uwanja. Tulirudi naye wote, tukamweka ndani ya ua chini ya mwembe waliouonyesha, tukajibanza nyuma ya tangi la maji. Alilia mara tatu. Kwa muda hapakuwa na kitu, na msichana mdogo kuliko wote akaanza kuninong'oneza kwamba mama amekufa. Kisha kwera jike akatua juu ya waya wa kuanikia nguo, kiwavi cha kijani kinaning'inia mdomoni. Aligeuza kichwa kushoto na kulia. Akashuka uani. Mlio ukakatika ghafla, kama redio iliyozimwa, maana mdomo ulikuwa umejaa. Tangu siku hiyo watoto wale wakikuta kinda huja kuniita mimi niende, wao hawambebi tena.

Yuko uchi, au manyoya ndiyo kwanza yanachomoza kama sindano

Huyu hakupaswa kuwa chini. Kabla hujapanda mti, tazama juu na tazama ardhi iliyomzunguka, kwa sababu kilichomwangusha huenda bado kipo.

Upepo na mvua. Zile dhoruba za jioni zinazotoka ziwani huzipiga koloni za kwera mpaka asubuhi unakuta viota chini kama matunda. Kiota kikianguka kizima na makinda wangali ndani, usiwatoe. Kifunge tena kwa kamba ya katani au waya kwenye tawi la mti ule ule, juu kadiri unavyoweza kufika salama, mlango wake ukitazama chini kama ulivyokuwa. Kiota kilichochanika, tengeneza mbadala: kopo la plastiki lililotobolewa matundu chini ili maji yasituame, ndani nyasi kavu, limefungwa imara penye kivuli. Kisha ngoja ukiwa mbali. Wazazi wakianza kulisha, umemaliza. Nitasema wazi kwamba kwa kwera kopo halifaulu kila mara, kwa sababu wamezoea kuingia kwa chini. Kwa shomoro, shore na njiwa hufaulu vizuri zaidi.

Usipande matawi membamba. Kwera huchagua ncha za matawi hasa ili nyoka na nyani wasifike, na wewe ni mzito kuliko nyani.

Siafu. Kuanzia Kakamega hadi milima ya Nandi, jeshi la siafu likipanda mti ndege wazima huruka na makinda hubaki. Wengine huanguka wakijinyonganyonga. Waondoe siafu mmoja mmoja kwa kibano, ukiangalia kope, kwapa na sehemu ya haja. Usimrudishe mpaka msafara umepita.

Funza. Kuna nzi ambaye funza wake hukaa ndani ya kiota na kunyonya damu ya makinda. Utawaona kama punje za wali zilizoshikamana na ngozi ya tumbo au miguu. Watoe, badilisha nyasi za kiota, mrudishe.

Joto la mabati. Shomoro hupenda kujenga chini ya paa. Januari na Februari, bati likiwaka saa saba mchana, makinda husogea ukingoni kutafuta hewa na kudondoka. Subiri jua lipoe ndipo umrudishe, na kama unaweza, funika sehemu ile ya bati kwa gunia au makuti.

Mayai yaliyopasuka na makinda wadogo chini ya kiota kimoja kizima

Kiota kipo juu, hakijaguswa. Chini yake kuna yai lililovunjika na kinda wa siku mbili. Kesho unakuta mwingine. Watu husema ni mama mbaya, au ni uchawi wa jirani.

Tafuta kekeo. Yupo mmoja mdogo, mgongo wa kijani unaometa, ambaye dume lake hupiga mlio mkali wa kurudiarudia kutoka kileleni msimu mzima wa mvua. Jike hutaga yai ndani ya kiota cha kwera. Kinda wa kekeo huanguliwa mapema, na akiwa bado kipofu huinama, humbeba mgongoni yai au kinda wa mwenyeji, na kumsukuma nje. Kwera humlea huyo peke yake. Ukichungulia ndani ukaona kinda mmoja mwenye mdomo mwekundu, ndiye.

Ukimrudisha aliyesukumwa, atasukumwa tena. Usimtupe kekeo, naye ni ndege wa porini, ndivyo maisha yake yalivyo. Yai moja tu chini, bila kinda yeyote, huenda ni kinyume chake: kwera hukagua mayai yake kwa rangi na madoa, na akiona la kigeni hulitoa mwenyewe.

Ni baridi, amelegea, hafungui mdomo

Joto la kawaida la mwili wa ndege ni nyuzi 40 na zaidi, juu kuliko la kwetu. Kwa hiyo kinda mzima ukimshika unapaswa kuhisi anakupasha mkono. Ukimwona wa baridi kiganjani, ujue amepoa vibaya sana.

Wengi hapa hukimbilia kumlisha ili apate nguvu. Chakula ndani ya tumbo lililopoa hakisagiki, hulala pale na kuoza. Joto kwanza. Jaza maji ya moto kiasi kwenye chupa ya plastiki, ivalishe soksi, ilaze ndani ya katoni iliyotobolewa matundu, mweke kinda kando yake juu ya kitambaa kikavu kisicho na nyuzi zinazochomoka. Aweze kuisogelea na aweze kuikimbia. Funika katoni. Giza na ukimya ni nusu ya tiba, kwa sababu kwake wewe ni mnyama mkubwa aliyemkamata, na kila unapochungulia moyo wake hupiga mbio upya. Maji yakipoa, badilisha.

Nusu saa hadi saa moja, kinda aliyelowa na kupoa huanza kuinua kichwa na kulia. Hapo ndipo unapofikiria kiota tena, au chakula. Kama jua limeshazama wazazi hawatakuja. Mlaze hapo na umrudishe saa kumi na mbili asubuhi.

Akishapata joto na bado hafungui mdomo, angalia ni nani. Kinda wa tetere au njiwa hana desturi ya kupanua mdomo. Ana vinyoya vyembamba vya njano na mdomo mpana usiolingana na kichwa, na kwa kawaida hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa ute mzito unaotoka kwenye mfuko wa chakula shingoni. Kumfungua kwa nguvu na kumsukumia panzi ni kumuumiza. Mrudishe kwenye kile kiota chao dhaifu cha vijiti, au weka kikapu kidogo mahali pake.

Anahema mdomo wazi

Kama alikuwa juani au kwenye chupa ya moto kupita kiasi, ni joto. Mhamishie kivulini, usimmwagie maji. Ndani ya dakika kumi hupungua. Kama pumzi ina mlio wa kukoroma au mapovu puani, na mtu ameshamnywesha, maji yako mapafuni. Mlaze kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, giza, joto, na apelekwe kwa daktari wa mifugo. Wengi hawaponi.

Damu, bawa linaloning'inia, au alikuwa mdomoni mwa paka

Kwa paka hakuna kungoja. Jeraha linaweza kuwa tundu la sindano usiloliona hata ukipuliza manyoya, lakini mate ya paka yana bakteria ambao humwua ndege ndani ya siku moja au mbili. Leo anarukaruka, kesho kutwa amekufa, na mwenye nyumba anaapa kwamba paka hakumng'ata. Anahitaji antibiotiki siku hiyo hiyo, kwa kipimo cha daktari. Usimkatie kidonge cha watu.

Bawa au mguu uliovunjika usiufunge mwenyewe kwa vijiti. Katoni ndogo inayomzuia kujipigapiga inatosha hadi afike kwa daktari.

Ananing'inia kwenye kiota kwa mguu mmoja

Kwera siku hizi hufuma kwa nyuzi za magunia na nailoni ya nyavu, hasa karibu na Dunga na fukwe nyingine ambako vipande vya nyavu vimezagaa. Nyuzi huuzunguka mguu wa kinda. Siku ya kutoka, anaruka na kubaki ananing'inia kichwa chini. Usimvute. Mshike mwili kwanza, kata uzi kwa mkasi mdogo pande zote mbili, kisha chunguza kama kuna mwingine uliozama kwenye ngozi. Mguu mweusi na mkavu ni wa daktari. Nawaomba wavuvi na mama zetu wanaotengeneza nyavu: vile vipande vifupi vichomeni au vizikeni.

Anatetemeka, vidole vimekunjamana, mate yanamtoka

Hasa kama kuna ndege wengine wazima wamelala karibu wakiwa hivyo hivyo. Fikiria sumu. Mashamba ya mpunga ya Ahero na Bunyala ni malisho ya ndege wengi. Huko Bunyala imerekodiwa kwamba watu walitega ndege kwa kabofurani, sumu ya kuulia wadudu, ili wawauze kama kitoweo, na Januari 2023 kwelea kwelea walipovamia mpunga wa Kisumu, dawa ya fenthioni ilinyunyizwa. Wanaokula mizoga, yaani mbwa, kipanga na bundi, huumia baadaye.

Usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Asiliwe na mtu wala mnyama. Na ukikuta ndege wengi wamekufa pamoja bila dalili ya sumu, bado usiguse: mwite afisa wa mifugo wa kaunti, maana mafua ya ndege huanza hivyo.

Ana vinyoya laini na anakimbia mbio

Kifaranga wa kanga, kwale au bata wa porini hutembea tangu siku ya kwanza. Hajaanguka popote. Mama yuko kwenye nyasi, ameshaanza kumwita. Mwache upande alikokuwa akielekea. Usimchanganye na kuku wako wa nyumbani eti watamlea. Kideri na magonjwa mengine huvuka pande zote mbili.

Mabawa marefu kama mundu, miguu karibu haipo

Huyu ni teleka, na kosa la kwanza ni kumdhania mbayuwayu. Teleka hujenga kwa makundi chini ya madaraja na kwenye kingo za maghorofa ya mjini. Vidole vyake vyote vinne vinatazama mbele, vya kushika ukuta, kwa hiyo akidondoka penye ardhi tambarare hawezi kujirusha. Na hapa kanuni niliyoisema mwanzo inageuka: akishatoka kiotani wazazi hawamfuati kumlisha. Ukimwacha chini atakufa.

Mtazame mabawa akiwa ameyafunga. Yakivuka ncha ya mkia na manyoya yamekamilika, mpeleke uwanja wazi, mweke juu ya kiganja kilichofunguka, inua mkono juu ya kichwa na usubiri. Atatetemeka mwili mzima, anapasha misuli. Usimrushe kamwe. Akiruka, ameenda, akikataa, mrudishe kwenye katoni ujaribu kesho asubuhi. Mabawa yakiwa mafupi, mrudishe kiotani kama kinafikika, au atafutiwe mtunzaji.

Sauti ya kufoka darini, na kinda mwenye uso wa umbo la moyo

Usiku unasikia kitu kikifoka juu ya dari kama mvuke wa sufuria, au kama nyoka. Asubuhi kuna kinda mweupe wa bundi sakafuni, anakukazia macho. Kwetu hapa bundi, tula kwa Kijaluo, ni mkosi. Nimewahi kufika mahali nikakuta mawe tu na manyoya.

Ile sauti ni njaa. Mayai ya bundi huanguliwa kwa siku tofauti, ndiyo maana ndugu hawalingani, na mkubwa humsukuma mdogo wakigombania panya. Huyo mtoto hajaja kutangaza msiba wa mtu. Wazazi wake wanamaliza panya wanaokula mahindi ya ghalani mwako, bila malipo. Mrudishe darini kwa kutumia taulo nene, kwa maana kucha zake hukata. Bundi wa mitini hutoka kiotani kabla ya kuruka na hupanda tena kwa kucha na mdomo. Huyo mweke kwenye shina.

Bundi, kipanga au mwewe aliyeumia asipewe nyama tupu kwa siku nyingi. Kwa porini hula panya mzima na mifupa yake. Nyama peke yake hulegeza mifupa ya kinda. Kwa upande wa Nakuru mna bahati: Kenya Bird of Prey Trust ina vituo vya kutibu ndege wawindao Naivasha na Soysambu.

Wenye shingo ndefu

Yangeyange, kwarara, na yule korongo mkubwa mwenye kipara anayeshinda majaani huzaliana kwenye miti mirefu ya Kisumu, na makinda wao hupigana hadi mmoja aanguke. Atakutapikia samaki. Ni njia yake ya kujitetea. Hatari ni mdomo: hulenga macho. Mfunike kichwa kwa nguo kabla hujamkaribia, na umwache mtu wa Huduma ya Wanyamapori, KWS, ashughulike.

Nakuru, ukimwona heroe mdogo wa kijivu ameketi shambani, usitafute kiota. Heroe wadogo huzaliana hasa Ziwa Natron, Tanzania. Huyo amefika akiruka. Huenda aligonga nyaya za stima usiku. Piga simu KWS.

Kama lazima umlishe

Ni kwa kinda mwenye joto, aliye macho, asiye na kiota cha kurudi, huku ukisubiri usaidizi. Karibu ndege wote wadogo, hata wala nafaka, hulelewa kwa wadudu. Mpe kumbikumbi waliokatwa mabawa, panzi wadogo bila miguu ya nyuma, au kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa kikalowa kidogo. Tumia kijiti butu. Gusa ukingo wa mdomo, akifunua weka kipande nyuma ya ulimi upande wa kulia au kushoto. Aliye uchi hula kila nusu saa tangu mapambazuko hadi machweo, usiku halishwi. Ugali, mkate na wali hushibisha bila kujenga mfupa. Nawa mikono kwa sabuni kila mara.

Lakini usimfanye wa kwako. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kufuga mnyama wa porini bila kibali, na kinda aliyelelewa peke yake na watu hukua akiwafuata watu, hadi kwa yule mwenye manati. Kisumu, ofisi ya KWS iko kwenye hifadhi ya swala ya Impala kando ya ziwa. Ile ya Nakuru iko kwenye lango kuu la Mbuga ya Ziwa Nakuru.

Unapomkabidhi, andika juu ya katoni kwa kalamu nene: tarehe, saa, mti gani, mtaa gani, alikuwa chini ya kiota au mbali nacho, na kila ulichompa. Akipona, atarudishwa kwenye mti ule ule, na huo mti ni wewe peke yako unayeujua.